Kutoka ubao wa Mbagala hadi umakamu wa chuo: ngazi, miaka, na pale wengi wanapokwama

Swali: "Shikamoo Profesa. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali hapa Mbagala, nina miaka 31. Shahada yangu ya kwanza ya elimu ina GPA ya 3.9 na karibuni naanza uzamili. Ninatamani kuwa profesa wa elimu na, Mungu akijalia, kuongoza chuo kikuu. Ngazi zikoje, zinachukua miaka mingapi, na kwa nini naona wahadhiri wazuri wanazeeka bila kufika? Halafu hili: nikishaingia chuoni nikapewa ukuu wa idara mapema, nikubali?"

Marahaba, Mwalimu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloharibu mengine yote. Ukuu wa idara ukiletewa kabla hujawa mhadhiri mwandamizi, shukuru kwa adabu na ukatae. Ukibanwa kabisa, omba iwe kukaimu, na barua iwe na tarehe ya mwisho. Sababu utaiona kadiri tunavyokwenda.

Watu huchanganya vitu viwili. Uprofesa ni cheo cha taaluma. Unakipata kwa kazi zako mwenyewe, na hakuna atakayekuvua kwa kuwa muhula umekwisha. Uongozi ni dhamana ya muda: leo unayo, kesho kabatini mwako kuna faili za mwingine. Uprofesa unapandwa kwa machapisho, uongozi unapandwa kwa vikao. Anayeparamia uongozi kabla ya kumaliza ngazi ya taaluma ndiye huyo unayemwona amezeeka akiwa mhadhiri: anajua kanuni zote za chuo kwa moyo, ila hana makala hata tano za kupimwa.

Majina ya vyeo nayo yanawapoteza wengi, hasa ninyi mliozoea kwamba mkuu wa shule ndiye mwenye shule. Katika chuo kikuu, Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima anayetunuku shahada siku ya mahafali. Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete, tangu 2016. Anayeendesha chuo kila siku, anayewajibika mbele ya Baraza na anayeulizwa fedha zimekwenda wapi, ni Makamu Mkuu wa Chuo. Chini yake wako manaibu wa taaluma, wa utafiti, na wa mipango, fedha na utawala. Wanafuata marasi, yaani wakuu wa ndaki (vyuo vya ndani ya chuo kikuu), maamidi, yaani wakuu wa shule kuu, wakurugenzi wa taasisi, kisha wakuu wa idara. Ukisema "kuongoza chuo", kiti unachokitamani ni umakamu.

Sasa tuanze mlangoni, kwa sababu wengi huishia hapo bila kujua kilichowazuia. Kigezo cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa mhadhiri msaidizi ni shahada ya kwanza yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 na ya uzamili isiyopungua 4.0, zote kati ya 5. Lazima utimize zote mbili. Uzamili mzuri hauponyi shahada ya kwanza dhaifu, na shahada ya kwanza nzuri haiokoi uzamili wa 3.9. Wewe shahada ya kwanza umepita chupuchupu, kwa hiyo kazi yote sasa iko kwenye uzamili.

Hesabu yake ni hii. Katika mfumo wa Mlimani, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Wastani wa 4.0 maana yake ni B+ kila somo. Kila B moja unayopata lazima uilipe kwa A moja ya somo lenye uniti zilezile, yaani uzito uleule. C moja unailipa kwa A mbili. Mtu mwenye masomo manane yenye uniti sawa akipata B tatu na C moja, anahitaji A tano katika masomo manne yaliyobaki, yaani haiwezekani. Walimu wa sanaa huangushwa zaidi na takwimu na mbinu za utafiti, kwa sababu wamekaa miaka mingi bila kugusa hesabu. Anza kujisomea takwimu sasa hivi kabla muhula haujafunguliwa. Na kabla hujachagua mkondo, yaani namna utakavyousoma uzamili wako, kamuulize mratibu wa masomo ya uzamili kama alama ya tasnifu inaingia kwenye GPA. Vyuo havifanani kwa hilo, na jibu lake linabadilisha kabisa namna ya kugawa nguvu zako.

Kingine cha kujua kabla ya kuomba ni kwamba nafasi nyingi za vyuo vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Wewe ni mtumishi wa umma tayari, kwa hiyo barua yako lazima ipitie kwa mwajiri. Mwalimu anayeituma moja kwa moja kimyakimya, akiogopa mkuu wa shule asijue, anajiondoa mwenyewe. Matangazo yale pia husema waziwazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hayapokelewi. Wanataka vyeti halisi vya kidato cha nne, cha sita na vya shahada, nakala zikiwa zimethibitishwa na mwanasheria. Kama cheti chako cha kidato cha sita bado kinalala shuleni ulikosoma, kakifuate wiki hii. Kikomo cha miaka 45 kinachotajwa huwa hakiwagusi walio kazini serikalini, na hilo ni faida yako dhidi ya anayetokea shule binafsi. Vyuo binafsi huajiri vyenyewe, na mara nyingi ndiko kunakofungua mlango kwanza.

Ukishaajiriwa kama mhadhiri msaidizi unatakiwa uende uzamivu. Hapo ndipo miaka hupotea, na katika elimu inapotea kwa namna ambayo mwenzako wa fizikia haijui, kwa sababu maabara yako ni shule, na shule ina milango na kalenda.

Milango iko hivi. Chuo kinakupa barua ya utafiti kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Mkoa unakuandikia wilayani au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Halmashauri inakuandikia kupitia Afisa Elimu, naye ndiye anayemwandikia mkuu wa shule. Ukichagua shule katika wilaya zote tano za Dar es Salaam, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, barua ya mkoa ni moja, ila kuanzia hapo kila halmashauri ina masijala yake na mwendo wake. Weka wiki 4 hadi 6 za barua peke yake. Anayepanga wiki moja huishia kukaa kwenye mabenchi ya ofisi huku shule zinafungwa.

Kalenda ndiyo inayoumiza zaidi. Kidato cha sita mtihani ni Mei. Juni shule zinafungwa. Darasa la saba ni Septemba. Kidato cha pili na cha nne ni Novemba, na wiki kadhaa kabla ya hapo hakuna mkuu wa shule atakayekuachia darasa la mtihani ukalihoji. Ukiondoa yote hayo, miezi ya kukusanya data shuleni bila kusukumana na mtu ni kuanzia Februari hadi Aprili, na kipande cha kati ya Julai na Agosti. Kwa hiyo pendekezo la utafiti likipitishwa Aprili mwishoni, umekosa dirisha la kwanza, na likipitishwa Septemba umesubiri hadi Februari. Panga kurudi nyuma: ukitaka kuingia shuleni Februari, pendekezo lipite kabla ya Novemba na barua zianze kutembea Desemba, kabla maofisa hawajaondoka likizo.

Uzamivu wa muda wote ukienda vizuri ni miaka minne hivi. Ukiumaliza unakuwa mhadhiri. Kutoka hapo ziko ngazi tatu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kamili, na kila moja inadai angalau miaka mitatu kwenye cheo cha chini yake. Hesabu yako basi: uzamili unamaliza na 33, ajira 34, uzamivu 35 hadi 39, uandamizi 42, uprofesa mshiriki 45, uprofesa 48. Hiyo ni hesabu ya karatasi, isiyo na ugonjwa, msiba wala jarida lililochelewa. Ongeza miaka mitano au sita upate ukweli.

Miaka hiyo mitano au sita inapotelea wapi? Kwanza, mazoezi ya kufundisha. Mwaka wa masomo ukiisha, wanafunzi wa ualimu wanatawanywa mashuleni kwa takriban wiki 8, na mhadhiri wa elimu anawafuata. Anakaa nyuma ya darasa, anakagua azimio la kazi, andalio la somo, zana na mwenendo wa kipindi, anajaza fomu, anakaa na mwanafunzi kumweleza alipokosea, kisha anawahi basi la kwenda shule nyingine. Wenzake wa fani nyingine wakati huohuo wako mezani wanaandika. Pili, masomo ya misingi ya elimu na saikolojia huchukuliwa na kila mwanafunzi wa ualimu, mamia kwa mamia, na kila mmoja ana jaribio, kazi binafsi na mtihani vya kusahihishwa. Anayejua hili hujiwekea asubuhi mbili za wiki ambazo hasahihishi chochote wala hapokei simu ya ofisi, na anazilinda kama deni la watu. Asiyejiwekea huandika usiku, na ya usiku hurudishwa na wahakiki.

Sasa faili lenyewe la kupandishwa cheo, maana wengi huliona siku ya kulijaza. Ndani yake kuna wasifu, nakala ya kila chapisho pamoja na ukurasa unaoonyesha jina la jarida, toleo na mwaka, barua za waandishi wenza zikieleza nani alifanya nini, tathmini za wanafunzi kuhusu ufundishaji wako, na orodha ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu uliowasimamia hadi wakahitimu. Machapisho hupelekwa kwa wapimaji wa nje, watu usiowajua, wenye cheo kikubwa kuliko chako. Kila andiko linapewa alama. Makala ya mwandishi mmoja hubeba uzito wake wote, ya watu wanne uzito wake hugawanyika. Yanayohesabiwa ni yale uliyochapisha tangu ulipopanda mara ya mwisho. Ukipanda leo, kesho unaanza sifuri.

Makosa ya faili yanajirudia mno. La kawaida ni jarida la kulipia: barua pepe inakuja ikikuita "mtafiti mashuhuri", makala inakubaliwa baada ya siku tano, unalipa dola, na mpimaji wa nje anaipa sifuri kwa kuwa haikuhakikiwa na mtu. Pesa imekwenda, na data uliyoichosha shule nzima kuikusanya imekwisha kutumika, huwezi kuichapisha tena kwingine. Kosa la pili ni kukata tasnifu ya uzamivu vipande sita vinavyofanana. Mpimaji akivisoma kwa pamoja anaona ni samaki mmoja kwenye vyungu sita. La tatu ni kuwa mwandishi wa tatu kila mahali. Hesabu inakaa chini na mpimaji anajiuliza wewe mwenyewe unajua nini. Katika kila makala tano, angalau mbili uwe peke yako au wa kwanza. Na usiyadharau majarida ya hapahapa yenye uhakiki wa kweli, kama Huria la Chuo Kikuu Huria au lile la Shule Kuu ya Elimu ya Mlimani. Wahakiki wake wanajua shule ya kata ni kitu gani, hutapoteza kurasa mbili kuwaeleza.

Hapa ndipo turudi kwenye ukuu wa idara. Mkuu wa idara wa elimu kwa wiki moja tu anagawa vipindi, anaitisha kikao cha kupitia mitihani, anapokea wanafunzi wenye alama zisizoonekana kwenye mfumo, mmoja analia kwamba ameandikiwa supu, yaani mtihani wa marudio, ya somo alilofaulu, anatafuta msimamizi wa kuziba pengo la aliyeugua akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha mkoani, anajibu barua ya ukaguzi, na Ijumaa anaketi kwenye kikao cha shule kuu hadi saa kumi na moja jioni. Hakuna hata kimoja hapo kinachoingia kwenye faili kwa uzito wa makala. Posho ya madaraka ipo, ofisi yenye kiyoyozi ipo, na watu wataanza kukuita bosi. Miaka mitatu inapita hivyo, na mhadhiri mwenzako aliyekataa ameshakuwa mwandamizi, wewe bado uko palepale.

Ukishakuwa mwandamizi, au tuseme profesa mshiriki ndiyo salama zaidi, mambo yanageuka. Hapo kikao kinakujenga. Unajifunza kusoma bajeti, unajua seneti, kikao kikuu cha taaluma chuoni, inavyokataa mtaala bila kusema imekataa, unajua kuandika dondoo ambazo mwaka mmoja baadaye bado zinaeleweka. Mtu anayeitwa kuwa amidi au rasi bila kupitia hayo huyumba, hata awe na machapisho mia.

Pengine unajiuliza kama mtu wa elimu anaweza kweli kushika chuo kizima. Angalia Mlimani penyewe. Kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, sheria tupu, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970. Makamu wakuu watatu wa kwanza, Pius Msekwa, Ibrahim Kaduma na Nicholas Kuhanga, walitokea kwenye chama na serikali. Mwaka 1988 akaja Geoffrey Mmari, profesa wa elimu aliyebobea katika ufundishaji wa hisabati. Kwa maoni yangu yeye ndiye mfano ulio karibu zaidi na ndoto yako, kwa sababu alianzisha vyuo badala ya kurithi tu. Alikuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilipojitenga na Mlimani 1984. Akapewa Mlimani wakati mgumu: Mei 1990 serikali ilikifunga chuo kwa sababu ya mgogoro na wanafunzi, na kilifunguliwa mwaka uliofuata. Kisha akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria, 1993 hadi 2005.

Chuo Huria ndicho kinachoonyesha kwa nini walimkabidhi mwalimu wa walimu. Chuo kisicho na madarasa hakiendeshwi kwa majengo. Kinategemea kitabu cha mwanafunzi kilichoandikwa ili ajifunze bila mhadhiri mbele yake, kituo cha mkoa ambako atapata msaada na kufanyia mtihani, na ratiba inayomfaa mtu mwenye kazi na familia. Hayo ni maswali ya ufundishaji kabla hayajawa ya fedha. Mhandisi mzuri angeweza kuyajifunza. Mtu wa elimu anakuja nayo.

Baada ya Mmari, Mlimani iliongozwa na mhandisi, Matthew Luhanga, 1991 hadi 2006, kisha na mtaalamu wa sayansi ya siasa, Rwekaza Mukandala, hadi 2017. Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akamteua William Anangisye, profesa wa elimu aliyeshughulikia sana maadili ya ualimu. Kabla ya hapo alikuwa Rasi wa DUCE, chuo kishiriki cha elimu kilichofunguliwa 2005 pale Chang'ombe penye kilichokuwa chuo cha ualimu. Unaona mpangilio wake: taaluma kwanza, kisha chuo kishiriki, ndipo chuo mama. Na uzingatie neno "akamteua". Kwa chuo cha umma, unaweza kuwa na sifa zote na usiteuliwe. Kwa chuo binafsi wenye chuo na Baraza lao ndio waamuzi, na kama ni cha dhehebu fulani, hilo nalo lina uzito wake. Kwa hiyo usijenge maisha yako yote juu ya uteuzi. Marjorie Mbilinyi alifundisha elimu Mlimani hadi uprofesa, akashiriki kuasisi TGNP, mtandao wa kutetea usawa wa jinsia, na hakuhitaji kiti cha umakamu ili kazi yake kuhusu elimu ya wanawake isomwe. Joyce Ndalichako, bingwa wa upimaji, aliongoza Baraza la Mitihani na baadaye akawa Waziri wa Elimu bila kupitia umakamu. Uprofesa wa elimu una milango mingi ya kutokea.

Mwisho wa hesabu yako ni kustaafu. Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa lazima na miaka 60, lakini maprofesa na wahadhiri waandamizi huenda hadi 65. Hata ukiupata uprofesa ukiwa na miaka 53, una 12 mbele yako, na muhula wa umakamu ni miaka 5. Nafasi ya mihula miwili bado ipo. Ndiyo maana hakuna sababu ya kuukimbilia ukuu wa idara ukiwa na 40. Hasara ya kukosa miaka mitatu ya machapisho katika umri huo huwezi kuifidia ukiwa na 55, ilhali hasara ya kuchelewa kuingia ofisini inafidika.

Kabla muhula haujaanza, basi: cheti cha kidato cha sita, kitabu cha takwimu cha kuanzia mwanzo, na safari moja ya kwenda kuonana na mratibu wa uzamili. Ukirudi kutoka kwake, niandikie alivyokujibu kuhusu alama ya tasnifu na idadi ya uniti za kila somo, tuchague mkondo kwa namba hizo.